Harambe si Lamu: Hoja Juu ya Usahihi na Manufaa ya Miongozo ya Watalii

Utangulizi

Miongoni mwa walimu wa fasihi ya Kiswahili neno "mwongozo" halina sifa njema. Likitajwa, hutujia akilini vile vijitabu vinavyouzwa kando ya riwaya na tamthilia teule, ambavyo mwanafunzi huvisoma badala ya kazi yenyewe, kisha akaingia navyo kichwani katika chumba cha mtihani. Tumesema na kuandika mengi dhidi ya vijitabu hivyo. Ajabu ni kwamba uko mwongozo wa aina ya pili, ambao huisoma pwani yetu kwa niaba ya wageni kama vile mwongozo wa kwanza unavyoisoma riwaya kwa niaba ya mtahiniwa, nao huo hatujaugusa. Tunakusudia mwongozo wa watalii.

Makala haya yanahusu namna ya kuutathmini mwongozo wa aina hiyo. Tunadai mambo mawili. Kwanza, miongozo mingi inayohusu visiwa vya Lamu na pwani ya bara inayovikabili huandikwa kana kwamba mahali hapo ni bustani ya burudani, yaani uwanja uliozungushiwa ua ambamo kila kilichomo kimebuniwa ili mgeni alipe na afurahi. Pili, wahakiki wenzetu waliokwisha kuligundua kosa hilo wamelitibu kwa dawa mbaya, kwani wameacha kabisa kuuliza kama kilichoandikwa ni kweli au si kweli. Tutasimama Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko pwani ya bara, mkabala wa kisiwa cha Kiwayu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Tumekichagua kijiji hiki kwa sababu kiko pembezoni mwa ramani, na ni pembezoni ndiko ubora wa mwongozo unakopimika.

Mwongozo wa Harambe

Tuanze mbali. Mwaka 1998 kampuni ya Disney ilifungua katika jimbo la Florida, Marekani, bustani iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake umejengwa mji wa pwani ya Afrika Mashariki uitwao Harambe. Wabunifu wa bustani hiyo, wakiongozwa na Joe Rohde, hawakuficha kwamba Lamu ndiyo iliyokuwa kielelezo chao. Kuta zimepigwa lipu kisha zikachakazwa kwa makusudi ili zionekane za kale. Vibao vimeandikwa Kiswahili. Na pameandikwa kuwa uhuru wa mji huo ulipatikana mwaka 1961. Huo ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika, ilhali mji ulioigwa uko Kenya, nchi iliyopata uhuru mwaka 1963. Jina lenyewe limepungukiwa na irabu. Neno letu ni "harambee", na mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiliandika kama lilivyoandikwa Florida hukatwa alama.

Bustani za Disney zina miongozo yake, na mashuhuri zaidi pengine ni The Unofficial Guide to Walt Disney World, kilichoanzishwa na Bob Sehlinger katika miaka ya 1980. Kitabu hiki hupima muda wa foleni, hulinganisha siku na siku, na humpangia mgeni ratiba: afike saa ngapi, aanze wapi, ale lini. Hatuna haja ya kukibeza. Kwa vigezo vyake mwenyewe ni kitabu sahihi na chenye manufaa. Mgeni akikifuata ataokoa saa nyingi za kusimama juani.

Swali la mhakiki ni hili: usahihi huo unatokana na nini? Unatokana na hali ya Harambe yenyewe. Mji huo una mwenye mali mmoja, na yeye ndiye aliyeamua nini kiwepo na saa ngapi. Hauna maji kujaa wala kupwa, na msimu wa pepo hauubadilishi. Zaidi ya yote hauna wakazi. Usiku milango ikifungwa hakuna anayelala Harambe; hakuna aliyezaliwa pale wala aliyemzika mamaye pale. Mwongozo wa bustani unasoma matini iliyokwisha kuandikwa na mtu mmoja kwa nia moja, na ndiyo maana unaweza kuisoma yote bila ya kukosea.

Mwongozo wa Lamu

Sasa tuvuke bahari. Tukiisoma miongozo ya watalii inayofika Lamu, tunaona kwamba imeazima mbinu za mwongozo wa bustani na kuzitumia mahali ambapo masharti yake hayapo. Hatutataja kitabu hiki wala kile, kwa sababu kosa ni la utanzu. Tutataja mambo manne.

La kwanza ni saa. Mwongozo hupenda kuchapa saa ya kuondoka kwa mashua. Lakini anayetoka Lamu kwenda Pate, Faza, Kiwayu au Mkokoni kwa kupitia mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, hapiti kwa amri ya saa ya ukutani. Hupita maji yakiruhusu. Maji nayo husogea kiasi cha dakika hamsini kila siku, na bamvua si sawa na maji mafu. Kwa hiyo saa iliyochapwa, hata kama ilikuwa ya kweli siku mwandishi aliposafiri, imekwisha kuwa ya uongo kesho yake. Hapa pana kosa jingine ndani ya kosa: saa mbili ya nahodha si saa mbili ya kitabu. Kinachomfaa msafiri ni sentensi moja tu: muulize nahodha maji yanajaa lini, na umuulize jana yake. Sentensi hiyo haichakai. Lakini ni nadra kuikuta, kwa sababu inamtoa mwandishi kwenye kiti cha mjuzi na kumkalisha mtu wa Lamu.

La pili ni jina. Kwa miaka mingi palikuwa na hoteli ya kifahari iliyoitwa kwa jina la Kiwayu. Hoteli hiyo haikuwa kisiwani Kiwayu bali bara, jirani na Mkokoni. Jina la kisiwa lilivuka mlango wa bahari likakalia ardhi ya bara, na jina la kijiji likabaki bila ya kazi. Mtu atasema kwamba hili ni jambo dogo. Septemba 2011 hoteli hiyo ilivamiwa, mtalii mmoja Mwingereza akauawa na mkewe akatekwa na kupelekwa Somalia. Wako walioandika ulimwenguni kwamba tukio limetokea kisiwani. Msomaji aliyefunzwa jiografia na miongozo hakuweza kuelewa ni umbali gani, wala ni njia gani ya bara au ya maji inayounganisha mahali pale na mpaka. Jina lililokosewa katika kitabu cha starehe lilikuja kukosewa katika habari ya mauti.

La tatu ni utupu, na hili ndilo zito kuliko yote. Pwani ya kaskazini mwa Lamu husifiwa kwa fukwe zisizo na watu, mahali ambapo mkono wa binadamu haujafika. Hili si suala la ladha ya mwandishi. Ni kauli ya kihistoria, na si kweli. Ukanda huo umejaa magofu ya makazi ya kale, Omwe na Ishakani yakiwa miongoni mwake. Na katika zama zetu, vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara wakakimbilia Pate, Lamu na kwingineko, na wengi wao hawakurejea. Ufuo unaoonekana mtupu ulikaliwa, ukahamwa. Anayeuita ufuo huo bikira hakusema neno la kishairi. Amesema uongo ambao aliyefukuzwa pale anaweza kuusahihisha kwa kumwonyesha kisima cha babake.

La nne ni watu. Wabajuni wa miongozo hutokea wakishika usukani au wakichoma samaki ufuoni. Kwamba wana lahaja yao, Kitikuu, ambayo wanaisimu wameichunguza kwa miaka mingi. Kwamba wana vave, utungo wa wakulima unaoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma konde. Kwamba wana kimayi cha wanabahari, hayo hayamo. Mgeni hufika katika mojawapo ya vitovu vya ushairi wa Kiswahili akaondoka akiamini ametembelea upepo na mchanga.

Pepo ya jana, marufuku ya leo

Baada ya mwaka 2011 sauti ya miongozo iligeuka. Sehemu ileile iliyosifiwa kuwa pepo ilifupishwa ikawa onyo la mistari miwili: usiende. Hatulaumu onyo. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na la uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda la Januari 2020 hayakuwa hekaya, na mwandishi anayemficha msomaji hatari ana hatia. Tunachokiona ni kwamba mwongozo una kurasa mbili tu za kuchagua, ya pepo na ya marufuku, na katika zote mbili Mkokoni haina wakazi. Katika ile ya kwanza walifichwa ili ufuo uwe mtupu. Katika ile ya pili wamefichwa kwa sababu mgeni haji, na asipokuja mgeni hakuna la kuandika.

Ilhali wao walikuwapo. Kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na kila aliyewahi kuishi pwani anajua kukosa bahari ya usiku ni kukosa nini. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, uliozinduliwa mwaka 2012 na gati lake la kwanza kufunguliwa mwaka 2021, ulichimbua maeneo ya uvuvi, hata Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Haya ni mambo yanayohusu bahari ileile ambayo mwongozo humwalika mgeni kuogelea ndani yake. Katika bustani ya burudani ukarabati hutangazwa langoni, ili mgeni asisumbuke. Huku kwetu badiliko la maisha ya maelfu ya watu halipewi hata kibao hicho.

Wahakiki wenzetu

Tunajua tutakavyojibiwa. Wapo watakaosema kwamba mwongozo wa watalii si fasihi, hivyo haumhusu mhakiki. Hao tutawajibu kwa ufupi. Ahmad bin Majid, baharia wa karne ya 15, alitunga miongozo yake ya bahari kwa nadhamu, mmojawapo ukihusu njia ya Sofala. Kama utungo uliowaongoza mabaharia haukuwa fasihi kwa sababu ulikuwa na manufaa, basi na tenzi za mawaidha tuzitoe katika mtaala, kwani nazo zilitungwa ziwafae watu.

Kundi la pili ndilo linalotushughulisha, kwa sababu ni letu. Ni la wasomi waliomsoma Edward Said (1978) na Mary Louise Pratt (1992), wakajifunza kwamba maandishi ya wasafiri hubeba macho ya wenye nguvu. Roland Barthes, katika Mythologies (1957), aliushambulia mwongozo wa Kifaransa wa Guide Bleu kwa kujali mandhari na makaburi ya kale na kuwageuza watu kuwa pambo. Jean Baudrillard (1981) akaenda mbali zaidi, akadai kwamba Disneyland ipo ili kuificha Marekani isijulikane kuwa yote ni Disneyland. Mafunzo haya tumeyapokea na tunayafundisha. Lakini yameingia katika tasnifu za wanafunzi wetu kwa sura moja ya hatari: kwa kuwa kila maelezo ni ubunifu wa mwenye kueleza, basi kuuliza kama maelezo ni sahihi ni ushamba.

Tunapinga hilo kwa nguvu zetu zote. Wenzetu wanaodai kwamba Lamu ya kitabu na Lamu ya mawe ni matini mbili zilizo sawa wamefikia palepale alipofikia mbunifu wa Harambe, tofauti ni kwamba yeye alilipwa vizuri zaidi. Barthes mwenyewe hakusema kwamba Uhispania haipo; aliulaumu mwongozo kwa kuwa haukumwonyesha msomaji Uhispania iliyopo. Lawama hiyo haina maana pasipo kukubali kwamba upo ukweli ambao kitabu kingeweza kuusema na hakikuusema. Mwenye kuufuta usahihi anamwondolea Mbajuni silaha yake ya pekee. Hana kampuni ya uchapishaji, wala hana nadharia. Anachoweza kusema mbele ya kitabu ni neno moja: si kweli, sisi tulikuwa tukikaa pale. Je, tumjibu kwamba swali lake limepitwa na wakati?

Vigezo na jadi

Tunapendekeza basi vigezo vitatu. Cha kwanza, usahihi wa mambo yabadilikayo: je, mwongozo unatofautisha yale yasiyobadilika na yale yanayogeuka na maji, mwezi na msimu wa kaskazi na kusi, na je, unamwelekeza msomaji kwa mwenye kuyajua? Cha pili, usahihi wa mambo yaliyopita: je, unapotaja gofu au utupu, unasema kulitokea nini na kwa nani? Cha tatu, manufaa ya pande mbili: je, mwenyeji akitafsiriwa ukurasa unaohusu kijiji chake, ataweza kuutumia, kuusahihisha au angalau kujitambua ndani yake? Mwongozo wa Harambe hauhitaji vigezo hivi, kwani hauna mwenyeji. Mwongozo wa Lamu usiovitimiza umeshindwa, hata kama bei zote za vyumba vyake ni sahihi.

Vigezo hivi hatukuviokota ugenini. Periplus, kitabu cha karne ya kwanza kilichowaongoza wafanyabiashara katika pwani hii, kinataja visiwa vya Pyralaae, ambavyo baadhi ya wataalamu wanavihusisha na Lamu. Mwandishi wake alijua kwamba msomaji wake angeweza kuzama akidanganywa, ndiyo maana akashughulikia mwendo, bandari na bidhaa. Khabari za Lamu, alizoziandika Shaibu Faraji na kuchapishwa mwaka 1938, zinausimulia mji kwa ulimi wa mwenyeji. Katika Safari za Wasuaheli, iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Salim bin Abakari anaieleza safari yake ya Urusi na Siberia. Huko Mswahili ndiye mgeni mwenye daftari, na wenyeji wa kaskazini ndio wanaotazamwa. Na anayetaka kuyaelewa magofu ya Pate hatapata kiongozi bora kuliko Al-Inkishafi, utenzi ambao Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi aliyatazama majumba yaliyoanguka na kuuliza walikokwenda wenyewe. Ni swali hilohilo la ufuo mtupu, na miongozo ya leo imeliacha.

Ni haki tukiri kwamba utanzu huu haukosi mifano mizuri. Marehemu James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliandika mwongozo mdogo wa mji huo. Mtu anaweza kubishana naye juu ya mengi, lakini aliandika akiwa anaishi na watu wanaoweza kumuuliza barazani kwa nini ameandika alivyoandika. Hilo linatosha kuonyesha kwamba ufupi wa kitabu si udhuru. Kuandika kwamba ufuo ulihamwa katika miaka ya 1960 kunachukua nafasi ileile inayochukuliwa na kuusifu kwamba haujaguswa.

Hitimisho

Tumedai kwamba mwongozo wa watalii ni matini inayostahili kuhakikiwa, na kwamba uhakiki wake lazima uanze na swali la ukweli. Tunalisema hili kwa sababu ya wanafunzi wetu. Wengi wao wanatoka mbali na pwani. Lamu ya kwanza waliyoiona ni ya picha na ya kitabu cha mgeni, na katuni ya Disney ya mwaka 1994 ndiyo iliyowafunza watoto wa dunia maneno mawili ya Kiswahili, ambayo kampuni hiyo baadaye iliyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara. Wanafunzi hao wakija darasani tukawafundisha kwamba Harambe na Lamu ni usawiri tu, mmoja ukilingana na mwingine, tutakuwa tumewakabidhi tiketi ya bustani badala ya shahada.

Tunaiomba idara ichukue hatua moja ndogo. Kila mwanafunzi wa uzamili anayefanya utafiti wa lahaja au ushairi katika Lamu na pwani ya bara abebe mwongozo mmoja wa watalii, ausome pamoja na wenyeji wa kijiji anachofikia, na arejee na masahihisho yao yakiwa yameandikwa pambizoni. Aanzie Mkokoni. Tukipata nakala kumi za namna hiyo tutakuwa na kitabu ambacho hakijapata kuandikwa, na tutajua kwa ushahidi ni miongozo gani ya kufungwa na ni ipi ya kubebwa.